Monita ya 4K inavuta kwenye laptopu: kabla hujanunua waya wa bei, angalia tundu

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mpangaji wa kurasa za vitabu, nafanyia kazi nyumbani, Tanga. Kaka yangu anayefanya kazi Muscat ameniletea monita ya inchi 27 ya 4K. Nyuma ina matundu mawili ya HDMI na moja la DisplayPort. Laptopu yangu ni ThinkPad T480 niliyoinunua ikiwa imeshatumika. Nimeunganisha kwa waya wa HDMI niliouchomoa kwenye king'amuzi. Picha imetokea na herufi ni kali, ila mshale wa kipanya unavuta, nikishusha kurasa naziona zinarukaruka, na ikifika jioni macho yanauma. Fundi wa duka moja hapa mjini amenishauri ninunue waya wa HDMI wa bei kubwa, wenye vichwa vya dhahabu. Nikanunue?

JIBU: Marahaba, dada yangu, na hongera kwa monita. Waya huo wa dhahabu usiununue. Ungeuchomeka na mshale ungevuta vilevile, kwa sababu kinachoibana picha yako ni tundu la HDMI la laptopu yenyewe, na tundu hilo halibadilishwi na waya wa bei yoyote. Unachohitaji ni waya mmoja wa USB-C kwenda DisplayPort, wenye urefu wa mita moja na nusu hivi, wa kuchomeka upande wa kushoto wa laptopu yako. Ukiupata ulio sawa, kazi imekwisha. Nitaeleza sababu kwa urefu, maana ukifika dukani utawekewa mezani vitu vinavyofanana kwa sura na visivyofanana kwa kazi, na muuzaji mwenyewe huenda hajui tofauti yake.

Kwanza tuthibitishe ugonjwa. Bofya kitufe cha kulia cha kipanya mahali patupu kwenye skrini, fungua mipangilio ya onyesho, teremka mpaka palipoandikwa Advanced display. Chagua monita mpya kisha soma mambo mawili: resolusheni, yaani idadi ya nukta za picha kwa upana na kwa kimo, na idadi ya hezi. Kwa maelezo yako, utakuta 3840 × 2160 na hezi 30. Hezi 30 maana yake picha nzima inachorwa upya mara 30 kila sekunde. Monita ya kawaida ya ofisini huchorwa mara 60, na skrini ya laptopu yako pia ni 60. Unaweza kuiona tofauti kwa macho bila kifaa chochote: zungusha kipanya haraka kwa duara kwenye skrini ya laptopu, halafu fanya hivyohivyo kwenye monita. Kwenye laptopu utaona mishale mingi iliyosogeleana, karibu duara kamili. Kwenye monita utaona mishale michache iliyoachana mbali, kama nyayo za mtu aliyekuwa anakimbia. Ndiko huko unakokuita kuvuta. Na ukishusha kurasa, jicho linaufuata mstari wa maandishi, ila mstari hautelezi, unaruka kutoka hapa hadi pale, na jicho linaanza kuutafuta upya. Ukifanya hivyo saa nane mfululizo, huna budi kuchoka.

Sasa kwa nini hezi 30? Tupige hesabu, kalamu na karatasi vinatosha. Monita yako ina nukta 3840 kwa upana na 2160 kwa kimo. Zidisha upate nukta 8,294,400. Kila nukta inaelezwa kwa biti 24: nane za wekundu, nane za kijani, nane za buluu. Kwa hiyo picha moja tu ni biti milioni 199. Ukitaka picha 60 kwa sekunde unafika gigabiti 12 kasoro kidogo; gigabiti moja ni biti bilioni moja. Juu ya hapo kuna nafasi tupu zinazoachwa kati ya mstari na mstari na kati ya picha na picha, kwa hiyo mzigo mzima unakuwa kati ya gigabiti 12.8 na 14.3 kwa sekunde, kutegemea jinsi nafasi hizo zilivyopangwa.

Huo ni mzigo. Njia ya kuupitisha ni kama bomba la maji: tangi likiwa kubwa namna gani, ukiunga bomba la nusu inchi utapata maji ya nusu inchi. HDMI toleo la 1.4, lililotoka mwaka 2009, huandikwa kwamba linabeba gigabiti 10.2. Lakini kila biti nane za picha husafirishwa zikiwa kumi, ili ishara isipotee njiani, kwa hiyo kinachobaki kwa ajili ya picha ni gigabiti 8.16. Mzigo wa 13 hauingii kwenye bomba la 8. Laptopu haikatai na wala haikuambii; inapunguza picha hadi 30 kwa sekunde, mzigo unashuka hadi gigabiti 7 na kitu, unapita. Ndiyo sababu umepata herufi kali za 4K kamili na bado mshale unavuta. Nukta zote zimefika, ila zinafika kwa uvivu.

HDMI 2.0 ya mwaka 2013 iliongezwa hadi gigabiti 18, zinazobaki kwa picha 14.4, na hapo ndipo 4K ya hezi 60 inapopita kwa kubanana. HDMI 2.1 ya mwaka 2017 inaweza kufika 48. DisplayPort ilitangulia: toleo la 1.2, lililotoka mwanzoni mwa 2010, lina gigabiti 21.6, zinazobaki kwa picha 17.28. Yaani miaka mitatu kabla HDMI haijaweza kubeba 4K ya hezi 60, DisplayPort ilikuwa inaibeba na nafasi inabaki. Historia hiyo ndiyo inayokuokoa leo. Chipu za Intel za kizazi cha 6 mpaka cha 8, ambazo ndizo zilizomo katika laptopu nyingi za ofisini zinazoletwa kwetu zikiwa zimetumika, zenyewe hutoa HDMI 1.4 tu, lakini wakati huohuo zinatoa DisplayPort 1.2. Watengenezaji wengine huongeza chipu ya pembeni ya kuinua HDMI hadi 2.0. T480 haikuwekewa, HDMI yake ni 1.4b. Mashine ni ileile na chipu ni ileile, ila mlango mmoja ni mwembamba na mwingine ni mpana.

Mlango huo mpana uko wapi, wakati T480 haina tundu la DisplayPort? Umefichwa ndani ya USB-C. Geuza laptopu utazame upande wa kushoto. Kuna matundu mawili madogo ya umbo la yai lililobanwa. La nyuma kabisa ndilo unalochajia kila siku. Linalofuata lina alama ya radi pembeni yake. Hilo ni Thunderbolt 3, aina ya USB-C yenye kasi kubwa zaidi. Yote mawili yanatoa picha ya DisplayPort, na yote mawili yanapokea chaji. Kwa hiyo chaja ibaki ilipo, monita ichomekwe kwenye lenye radi.

Hapa naomba usome polepole, kwa sababu ndipo watu wengi wanapopoteza hela. USB-C ni jina la umbo la tundu. Halisemi chochote kuhusu kinachopita ndani yake. Kuna laptopu zenye tundu la USB-C lisilotoa picha kabisa, la kuchajia na kuhamishia mafaili tu. Kuna simu nyingi za namna hiyo pia. Wewe una bahati kwamba yako inatoa. Na waya nao ni hivyohivyo. Waya wa chaja ya simu una vichwa vya USB-C pande zote mbili, unaingia vizuri kabisa, lakini ndani mara nyingi umewekewa nyaya za umeme na zile za data za polepole za USB 2 tu. Njia za kasi zinazobeba picha hazimo. Usijilaumu ukichomeka waya kama huo kati ya laptopu na monita yenye USB-C ukaona giza. Hakuna kilichoharibika, waya hauna kitu ndani.

Kitu cha pili utakachopewa ni kile kiboksi chenye mkia mmoja wa USB-C na matundu mengi: HDMI, USB mbili tatu, ya kadi ya kamera, pengine na ya intaneti. Kwa kazi nyingine ni kizuri sana, hata mimi ninacho begani. Kwa monita yako ni mtego. Ndani ya USB-C kuna njia nne za kasi. Waya wa moja kwa moja kwenda DisplayPort unazitumia zote nne kwa picha, na laptopu yako inapata zile gigabiti 17.28 kamili. Kiboksi kikiwa na matundu ya USB 3, lazima kiziachie USB njia mbili, na picha inabaki na mbili. Kwenye mashine ya DisplayPort 1.2 kama yako, njia mbili ni gigabiti 8.64. Umerudi kulekule: 4K, hezi 30. Kwenye laptopu mpya zaidi yenye DisplayPort 1.4, njia mbili zinafika karibu gigabiti 13, na kiboksi kilekile kinatoa hezi 60. Ndiyo maana rafiki yako anaweza kukusifia kiboksi chake kwa dhati, ukakinunua, na kwako kikagoma. Wote wawili mko sahihi.

Cha tatu ni waya wenye kichwa cha HDMI upande mmoja na cha DisplayPort upande mwingine. Muuzaji atakuambia: tundu la laptopu ni HDMI, la monita ni DisplayPort, huu hapa. Hautafanya kazi. Waya huo umetengenezwa kwa ajili ya kompyuta yenye DisplayPort kwenda televisheni au monita yenye HDMI, na hauendi kinyume. Kompyuta yenye DisplayPort inaweza kujifanya HDMI, kwa kuwa mtengenezaji aliiwekea uwezo huo. HDMI haiwezi kujifanya DisplayPort. Kwenda kinyume kunahitaji kigeuzi chenye chipu yake na umeme wake, na hata ukikipata, bado unakunywa kutoka bomba lilelile la 1.4.

Basi ukifika dukani, sema hivi: nataka waya wa USB-C kwenda DisplayPort, 4K hezi 60. Soma boksi mwenyewe. Kama limeandikwa 4K peke yake bila kutaja hezi, rudisha. 4K bila hezi mara nyingi ni 30. Usitafute mrefu. Mita moja na nusu au mbili zinatosha mezani, na kila mita inayoongezeka inaidhoofisha ishara. Ukikosa kabisa waya huo, adapta ndogo ya USB-C kwenda HDMI, yenye tundu moja tu la HDMI na iliyoandikwa 4K hezi 60, itafanya kazi pia, mradi tundu la HDMI la monita ni la 2.0. Lakini hapo ndipo waya wako wa king'amuzi utakapoanza kuwa na maana, na sijui kama utaumudu mzigo wa gigabiti 18. Chagua DisplayPort ukiweza.

Nizungumzie waya kama waya, kwa sababu fundi wako hakusema uongo wote. Picha ya HDMI na DisplayPort ni dijitali. Waya mzuri hauzidishi rangi, hauongezi ukali wa herufi, haufanyi nyeusi iwe nyeusi zaidi. Namba zikifika zote, picha ni ileile, uwe umelipa kidogo au umelipa sana. Waya usiotosha unajionyesha kwa njia nyingine: skrini inazimika sekunde moja na kurudi, vinukta vyeupe vinametameta kwenye sehemu nyeusi, au monita inaandika kwamba hakuna ishara halafu inaipata. Ukiona dalili hizo, badilisha waya. Wewe huna hata moja kati ya hizo. Dhahabu kwenye kichwa ina faida ya kweli moja, haishiki kutu, na sisi watu wa pwani tunaujua upepo wa chumvi unavyokula vyuma. Kwa hiyo si kitu cha kudharau. Lakini tundu la 1.4 halijui kama limegusana na dhahabu au na bati.

Mwaka jana niliitwa na mhasibu aliyekuwa na shida yako kabisa, kwenye laptopu ya umri wa yako. Juu ya meza alikuwa na nyaya tatu za HDMI, kila mmoja mnene kuliko uliotangulia. Wa mwisho ulikuwa umefumwa nailoni na mgumu kiasi kwamba ulikuwa unaisukuma monita pembeni. Nilichukua tochi ya simu nikasoma maandishi madogo kwenye ganda la kila waya. Wa kwanza kabisa, ule wa bei rahisi, ulikuwa umeandikwa Premium High Speed, yaani umepimwa kwa gigabiti 18. Alikuwa nao tangu siku ya kwanza. Kilichokuwa kinakosekana hakikuwa waya.

Maandishi hayo madogo ndiyo ya kutafuta kwenye waya wa HDMI, kwa siku utakayouhitaji. High Speed peke yake ni wa kiwango cha gigabiti 10.2. Premium High Speed ni 18. Ultra High Speed ni 48, na boksi lake halali lina kibandiko chenye msimbo wa kuskani kwa simu. Ukiuziwa "waya wa HDMI 2.0" au "2.1" bila maneno hayo, ujue nyaya rasmi hazitambulishwi kwa namba ya toleo, namba za matoleo ni za mashine. Na hata kwenye mashine zenyewe, monita iliyoandikwa HDMI 2.1 siku hizi si lazima iwe na gigabiti 48, kwa sababu kanuni zinamruhusu mtengenezaji kutumia jina hilo kwa sehemu tu ya uwezo wake. Soma jedwali la kitabu cha maelezo, mstari wenye resolusheni na hezi kwa kila tundu. Hapo ndipo penye ukweli.

Kwa DisplayPort kuna tahadhari moja ninayoitoa kwa kila mtu. Kichwa chake kina pini 20, na ya ishirini inabeba umeme mdogo wa volti 3.3 kwa ajili ya adapta. Katika waya wa kawaida wa DisplayPort kwa DisplayPort, pini hiyo haitakiwi kuunganishwa kutoka upande mmoja hadi mwingine. Nyaya za hovyo huiunganisha, na umeme wa monita unapenya ndani ya kompyuta hata ikiwa imezimwa. Nilipoteza siku nzima na kompyuta ya mezani iliyokuwa inakataa kuwaka asubuhi. Nilibadilisha kumbukumbu, nikabadilisha kisambaza umeme, nikafikia kuandika bei ya ubao mpya. Nilipochomoa waya wa monita ili niibebe mashine karakana, ikawaka. Waya wako wa USB-C hauhusiki moja kwa moja, ila ukija kununua kompyuta ya mezani, nunua waya wenye kibali cha VESA, shirika linalosimamia DisplayPort. Nyingi za nyaya hizo huandikwa DP8K, DP40 au DP80.

Ukishaleta waya wako nyumbani, chomeka kichwa kikubwa kwenye monita. Kona yake moja imekatwa, kwa hiyo kinaingia kwa upande mmoja tu, usikilazimishe. Nyingi zina kitufe juu, na siku ya kuchomoa lazima ukibonyeze, la sivyo utang'oa tundu. Kisha ingia kwenye menyu ya monita kwa vitufe vyake na uchague chanzo cha picha kuwa DisplayPort. Ukiwa humohumo, tafuta kama kuna mahali pa kuchagua toleo la DisplayPort. Baadhi ya monita huja zikiwa zimewekwa 1.1 ili zielewane na kompyuta za zamani, na 1.1 ni nusu ya bomba: utapata hezi 30 tena na kudhani nimekudanganya. Weka 1.2 au zaidi. Kwa wanaobaki na HDMI, menyu kama hiyo hufungua uwezo kamili wa tundu, na bila kuifungua, HDMI 2.0 inafanya kazi kama 1.4.

Rudi Advanced display, badilisha hezi kutoka 30 kwenda 60. Wakati mwingine inajipanga yenyewe, wakati mwingine inasubiri uiambie. Mstari mwingine wa kusoma hapo, na kwako wewe mpangaji wa kurasa ni muhimu kuliko kwa mtu mwingine, ni ule wa muundo wa rangi. Unatakiwa usome RGB. Ukikuta YCbCr 4:2:0, njia haikutosha na mashine imekubali hezi 60 kwa kupunguza habari za rangi: nukta nne zinagawana rangi moja, huku mwanga na giza la kila nukta vikibaki. Kwenye filamu huoni kitu. Kwenye maandishi ya rangi unaona. Andika sentensi kwa herufi ndogo nyekundu juu ya msingi wa buluu, uisogelee. Kama kingo za herufi zimechovya kwenye buluu kama wino kwenye karatasi mbichi, rangi zimebanwa. Huwezi kuamua rangi ya jalada la kitabu kwenye skrini ya namna hiyo. Kwa DisplayPort kupitia njia nne hutakutana na hili.

Na jambo ambalo hukuuliza, ila nimelikuta kwa watu wengi wenye inchi 27 za 4K. Herufi za menyu zikiwa ndogo mno, watu hushusha resolusheni hadi 1920 × 1080. Usifanye hivyo. Unatupa robo tatu ya nukta zako na herufi zinavimba. Acha 3840 × 2160, badala yake ongeza ukubwa wa maandishi na vitu kwenye mipangilio hiyohiyo ya onyesho mpaka asilimia 150. Menyu zitakuwa za saizi ya kusomeka, na herufi za kitabu chako zitachorwa kwa nukta 163 kwa kila inchi, kwa hiyo utaona miguu ya herufi na nafasi kati yake karibu na zitakavyokuwa kwenye karatasi. Hiyo ndiyo faida ya monita aliyokuletea kaka yako, na ningesikitika uikose kwa ajili ya menyu.

Kwa wasomaji wengine wenye shida jirani, nitapita haraka. Kompyuta ya mezani yenye kadi ya michoro: waya uchomekwe kwenye kadi, chini, wala si kwenye matundu ya juu karibu na yale ya USB, ambayo ni ya ubao mkuu, ukichomeka juu, ama hupati picha, ama kadi yako ya bei inakaa bure. VGA, ile ya buluu yenye pini 15 tangu mwaka 1987, ni analogi na si ya monita hizi. DVI ya njia moja inaishia 1920 × 1200 kwa hezi 60, ya njia mbili 2560 × 1600. Monita ya 2560 × 1440 kwa hezi 60 inapita hata kwenye HDMI 1.4 kwa kompyuta nyingi, kwa hiyo mwenye bajeti ndogo na laptopu ya zamani asikimbilie 4K. Wacheza gemu wanaotaka 4K ya hezi 144 wana mzigo wa zaidi ya gigabiti 28. Hata DisplayPort 1.4 yenye 25.92 haiupitishi bila kuubana kwanza kwa teknolojia iitwayo DSC, na kadi na monita zote mbili lazima ziwe nayo. Na zile adapta za USB ya kawaida, ya mstatili, kwenda HDMI zinaendeshwa na draiva na kuichosha prosesa. Za kuonyesha slaidi, sawa. Za kupanga kurasa siku nzima, sikushauri.

La mwisho ni kuhusu T480 yako hasa, na lifanye kabla hujaenda dukani. Lenovo, watengenezaji wa ThinkPad, walitoa marekebisho ya programu ya ndani ya Thunderbolt kwa ThinkPad za miaka ile, kwa kuwa programu ya awali ilikuwa inaichakaza chipu ya tundu mpaka USB-C inaacha kutoa picha au hata kuchaji. Laptopu iliyotumika haijulikani kama mwenye nayo wa kwanza aliyaweka. Ingia kwenye ukurasa wa msaada wa Lenovo, andika namba iliyo chini ya laptopu, tafuta sasisho la programu ya Thunderbolt, liweke huku chaja ikiwa imechomekwa na umeme wa nyumbani umetulia. Usilikatishe katikati. Kisha jaribu tundu lenye radi kwa kuchomeka chaja humo: likichaji, nusu ya wasiwasi imekwisha. Ukikuta tundu hilo tayari limekufa, jaribu waya wa picha kwenye lile la nyuma, na chaji kabla ya kuanza kazi.

Ukimaliza yote na bado unasoma 30, niandikie tena ukinitajia vitu vitatu: modeli ya monita iliyoandikwa kwenye kibandiko cha nyuma, maneno yote yaliyo kwenye ganda la waya, na toleo la DisplayPort lililochaguliwa kwenye menyu.